Wenzetu Wanaulizana, Halafu Wanarudishiana Majibu

Najua nimepotea wiki tatu nzima na kuna watu wameshaanza kunong'ona kuwa nimedisko. Sijadisko bwana! Ni testi tu, zilipangwa mfululizo kama mabehewa, na baada ya testi ikaja semina ambayo ndiyo imenifanya nikae leo niandike. Kaeni mkao wa kula, maana leo ni ndefu kidogo.

Ilikuwa hivi. Kwenye kozi yetu ya sera za jamii kila kundi lilipewa mada ya kuwasilisha, na sisi tukaangukia "ushirikiano wa serikali za mitaa za Ulaya katika utafiti na sera za vijana". Hebu fikirieni sura zetu zilivyokuwa. Kundi la pili wamepewa bodaboda, la tatu wamepewa muziki wa kizazi kipya na siasa, sisi tunapewa halmashauri za Wazungu! Mwenzetu mmoja akasema palepale, hii tunadesa tu tumalize. Na mimi nilikuwa na wazo hilohilo. Nikaenda maktaba kwa nia ya kuokota kurasa tano nirudi kulala.

Nilitoka kule nimenuna. Ili mwelewe kwa nini, inabidi niwarudishe nyuma kidogo.

Likizo ndefu ya mwaka jana nilipata kibarua cha ukarani wa utafiti kwetu Mwanza. Sitasema ulikuwa utafiti wa nani, hiyo siyo ishu hapa. Tulizunguka na madodoso mashuleni na mitaani tukiwauliza vijana: unalala saa ngapi, umewahi kunywa pombe, ukiwa na shida unamwambia nani, jioni ukitoka shule unakwenda wapi. Posho ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Siku moja, kwenye shule moja ya kata, dogo wa kidato cha tatu alimaliza kujaza dodoso lake, akalikunja vizuri, akaniletea mezani. Akaniuliza, "Braza, majibu mtatuletea lini?" Nikamuuliza majibu yapi. "Si ya haya maswali. Na sisi tujue tukoje." Nikamwambia yatakuja. Nilimjibu harakaharaka kama konda anayemwambia abiria siti zipo. Mpaka leo hayajakwenda.

Haya, sasa twende Ulaya.

Mfano uliotushika ni wa Reykjavik, mji mkuu wa Iceland. Nchi nzima ile ina watu karibu laki nne, yaani ukichukua Temeke peke yake (sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni moja na laki tatu) unaipata Iceland mara tatu na chenji inabaki. Miaka ya 1990 vijana wao walikuwa wanakunywa, siyo mchezo. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walilewa ndani ya siku 30 zilizopita. Waliovuta sigara kila siku walikuwa asilimia 23, waliowahi kujaribu bangi asilimia 17. Walipoulizwa wa umri uleule mwaka 2016, waliolewa walikuwa asilimia 5, wavuta sigara wa kila siku asilimia 3, bangi asilimia 7.

Mimi nilipoziona namba hizo nikajua tu hapa kuna polisi na virungu. Kumbe kazi ilianza na dodoso. Tangu 1992 watafiti wao wamekuwa wakipita mashuleni kila baada ya muda na kuuliza wanafunzi wote wa umri ule waliopo darasani siku hiyo, siyo wachache wa kuchaguliwa. Huandiki jina. Ukimaliza unaweka karatasi yako kwenye bahasha isiyo na alama yoyote, unaifunga. Walipozikusanya na kuzichambua, watafiti akina Inga Dóra Sigfúsdóttir wakaona wasiokunywa wanafanana kwa mambo ya kawaida kabisa: wako kwenye michezo au shughuli za kikundi mara tatu au nne kwa wiki, wanakaa na wazazi wao, wanahisi shuleni kuna mtu anayewajali, na usiku hawazururi. Mihadhara ya "madawa ni mabaya, acheni" ilikuwepo miaka yote na haikuwa imesaidia kitu.

Basi serikali kuu na miji ikaanza kusukuma hayo mambo ya kawaida. Tumbaku chini ya miaka 18 marufuku, pombe chini ya miaka 20 marufuku, na matangazo yake pia. Kila shule ikatakiwa iwe na umoja wa wazazi, na wazazi wakawa wanasaini makubaliano kwamba hawatawanunulia watoto pombe, hawataruhusu sherehe za watoto zisizo na mtu mzima, na watamwangalia na mtoto wa jirani. Reykjavik ikaanzisha kadi ambayo kila mtoto anatengewa hela za mwaka za kulipia klabu ya mpira, muziki, dansi au chochote cha aina hiyo. Katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa krona 35,000, karibu paundi 250 za Uingereza kwa wakati ule. Mzazi hawezi kuzitoa akanunulia mchele, zinakwenda klabu moja kwa moja. Matokeo yake, vijana wanaofanya michezo angalau mara nne kwa wiki walipanda kutoka asilimia 24 mwaka 1997 hadi 42 mwaka 2012, na wanaosema wanakaa na wazazi mara nyingi siku za kazi wakatoka asilimia 23 hadi 46.

Na kuna ile sheria yao ya saa. Mtoto wa miaka 12 kushuka chini asiwe nje peke yake baada ya saa mbili usiku, wa 13 hadi 16 mwisho saa nne. Kuanzia Mei hadi Septemba wanaongezewa saa mbili, maana kule mwezi wa sita usiku wa manane ndiyo kwanza jua linaaga. Darasani hapa ndipo watu walipocheka. Kwetu saa mbili usiku watoto wa karanga na mayai ya kuchemsha ndiyo wanaingia kazini! Nani atamwambia mtoto arudi nyumbani, na akirudi mikono mitupu kesho wanakula nini? Kwa hiyo hilo la saa mimi naliacha palepale nilipolikuta.

Kitu kilichoninunisha ni kidogo sana, kimeandikwa kama jambo la kupita tu. Baada ya dodoso kukusanywa, ndani ya miezi miwili hivi, kila shule inapelekewa matokeo ya kwake. Ya KWAKE. Siyo wastani wa taifa, siyo ripoti ya kurasa mia mbili inayozinduliwa hotelini kwa soda na sambusa. Shule inapata za watoto wake, wilaya inapata za shule zake, mji unapata za mji. Wazazi wanaitwa, wanaonyeshwa, wanaulizwa tufanye nini. Miezi miwili! Mimi nina mwaka na zaidi tangu nimuahidi yule dogo.

Sasa mada yetu ilikuwa ushirikiano wa halmashauri, na hapo ndipo panaponoga. Mwaka 2006 Reykjavik na watafiti wake walianza kuwapelekea wenzao wa miji mingine utaratibu huo, chini ya mpango ulioitwa "Vijana katika Ulaya". Chimbuko lake ni umoja wa miji ya Ulaya unaopinga madawa ya kulevya, ulioanzishwa Stockholm mwaka 1994. Angalieni nani anaongea na nani hapa: meya na meya. Mji unaotaka kuingia unaingia wenyewe, hausubiri wizara ikubali nchi nzima. Ilipofika 2017 walikuwa wamepita miji na manispaa 35 katika nchi 17. Siku hizi mpango unaitwa Planet Youth na umevuka hadi Chile. Kule Ireland waliojiunga mwaka 2018 ni kaunti tatu tu za magharibi, Galway, Mayo na Roscommon, bila kungoja Dublin.

Dodoso la msingi ni moja kwa miji yote, na mji ukitaka unaongeza maswali yake machache kulingana na shida zake. Halafu kila mmoja anakwenda kutafuta dawa yake. Kwa hiyo hawa watu wanaazimana maswali, majibu kila mtu anapika kwake. Kaunas ya Lithuania ilianza kuuliza mwaka huohuo wa 2006 na ikaendelea kuuliza kila baada ya miaka michache. Wakawaweka meza moja shule, wazazi, watu wa afya, makanisa, polisi na ustawi wa jamii. Hadi 2014 vijana wa miaka 15 na 16 waliosema walilewa mwezi uliopita walikuwa wamepungua kwa karibu robo, na wavutaji wa kila siku kwa zaidi ya asilimia 30. Kaunas haina hela za Reykjavik, wala haikuiga kila kitu.

Na kwa nini halmashauri, isiwe wizara? Mimi naona sababu ni kwamba wastani wa taifa ni mtoto wa watu wote, na mtoto wa watu wote analala njaa. Ukimwambia mkurugenzi wa halmashauri kwamba asilimia fulani ya vijana wa nchi hii hawana pa kwenda jioni, atatikisa kichwa kwa masikitiko na kugeukia faili lingine. Mwambie ni vijana wa kata hii, shule hii, na kiwanja chao ndicho ulichokipimia fremu za maduka mwezi uliopita. Hapo hawezi kukutazama na kusema ni suala la kitaifa. Kiwanja ni chake, leseni ya baa iliyo mita chache kutoka geti la shule inapita ofisini kwake. Wenye funguo ndio wanaotakiwa kupelekewa namba.

Wengine huko wana namna zao. Norwei wana utafiti unaoitwa Ungdata, ulioanza 2010, manispaa yoyote inafanyiwa bure kwa vijana wake wa sekondari na karibu zote zimeshautumia. Uswidi nao tangu mapema miaka ya 2000 wana dodoso lao la manispaa linaloitwa Lupp, ambalo linakuuliza pia kama unadhani unaweza kuwaambia wakubwa wa mji wako kitu na wakasikia. Hilo swali la mwisho nimelipenda kuliko yote, na ndilo linalonipeleka kwenye kasoro.

Maana msije mkadhani nimelewa sifa za Wazungu. Kwanza, unywaji wa vijana umeshuka katika nchi nyingi za Ulaya tangu mwanzoni mwa karne hii, hata zile ambazo hazikufuata Reykjavik. Kuna utafiti mwingine wa Ulaya nzima, unafanyika kila miaka minne tangu 1995, unaonyesha hivyo. Kwa hiyo siyo kila glasi iliyobaki mezani ni kazi ya meya. Iceland ilishuka sana kuliko wengine, sawa, lakini wote walikuwa kwenye mteremko. Pili, na hili linanigusa zaidi, kwenye mpango ule kijana ni mtu wa kuzuiwa. Anaulizwa, anapimwa, anaandaliwa ratiba, anarudishwa nyumbani saa nne. Ni lini anaulizwa maswali yenyewe yawe yapi?

Ulaya hiyohiyo wana upande wa pili, na bahati mbaya pande hizi mbili hazikutani sana. Halmashauri na mikoa ya nchi za Baraza la Ulaya zilikubaliana tangu 1992 juu ya mkataba wa ushiriki wa vijana katika maisha ya mitaa na mikoa, wakaupitia upya mwaka 2003. Unasema vijana washirikishwe katika kuamua, siyo kupewa taarifa tu. Ufini wameenda mbele wakaweka kwenye sheria yao ya manispaa ya 2015 kwamba kila manispaa iwe na baraza la vijana au chombo kama hicho. Mabaraza mengine ya namna hii huwa ya picha tu, vijana wanavalishwa vizuri, wanakaa meza ndefu, wanapigwa picha na meya, kwisha. Hata Ulaya yapo hayo. Lakini kama ningekuwa na uwezo ningelichukua lile baraza la vijana la Ufini nikalikabidhi dodoso la Reykjavik, nikawaambia haya, ulizeni nyie.

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja nilipomsomea haya juzi pale kwenye vimbweta alinikatisha. "Wewe, wenzetu wana hela." Ndiyo jibu la Kitanzania la kila kitu. Nikamwambia sawa, tupige hesabu. Dodoso ni karatasi. Bahasha ni karatasi. Kusimamia darasa anasimamia mwalimu ambaye yupo tayari pale. Posho yangu mimi ya wiki moja ingetosha kutoa kopi za matokeo kurasa mbilimbili kwa kila shule niliyopita na kubandika ubaoni. Tatizo letu halikuwa hela, hela ililetwa na ikaliwa vizuri tu, nami nilikula. Hakuna aliyeona kwamba yule dogo ana haki ya kujibiwa. Na halmashauri zetu siyo kwamba hazina kabisa fungu la vijana. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, humo asilimia 4 ni ya vijana. Tunatoa mikopo ya bodaboda na kufuga kuku, lakini nani alikwenda kata kwa kata akauliza vijana wa pale wanataka nini?

Lakini kuna sehemu alinibana na nikakosa jibu. Akasema, "Umepeleka matokeo shuleni. Mkuu wa shule anasoma kwamba theluthi ya kidato cha tatu wameshakunywa. Unajua kinachofuata?" Najua. Nanyi mnajua. Paredi, viboko, mifuko inapekuliwa, na mwaka unaofuata kila mtoto anajaza "hapana" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Utafiti umekufa, na uongo umefundishwa. Kule wanaweza kurudisha namba shuleni kwa sababu mwanafunzi anaamini namba haitamchapa. Imani hiyo hainunuliwi kwa mkataba wa miji. Nimefikiria labda matokeo yaanzie kwa wanafunzi wenyewe, halafu mkutano wa wazazi, na ofisi ya mkuu iwe ya mwisho. Jamaa yangu anasema naota. Inawezekana.

Halafu kitu kimoja cha kuchekesha. Wakati naandaa semina nikakumbuka Mwanza yetu ina undugu na miji ya Ulaya kitambo sana. Na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, na Tampere ya Ufini tangu 1988. Tampere! Ufini ileile ya sheria ya mabaraza ya vijana. Yaani mtu wa jiji letu anayetaka kuwauliza wenzake wanawasikilizaje vijana wa miaka 14 ana namba ya simu tayari kabatini, miaka yote hii. Mkiona wageni wanapokewa kwa ngoma na mashada, mwulizeni mtu wa karibu kama suala hili lipo kwenye ajenda. Kubadilishana vinyago tumeshabadilishana vya kutosha.

Uwasilishaji ulikwenda vizuri, kwa wanaotaka kujua. Tulipata maswali mengi, mengi yakiwa ya ile sheria ya saa nne usiku, na mhadhiri akasema tumejitahidi ingawa tulizidisha muda. Yule aliyesema tudese ndiye aliyeongea kuliko wote.

Jioni yake nikaiandikia ofisi iliyotuajiri ukarani, nikaomba kipande cha matokeo cha ile shule tu, hata ukurasa mmoja. Hii ni mara ya pili naandika. Nimejibiwa kwa adabu kwamba ripoti bado ipo kwenye maandalizi na nitajulishwa. Nikahesabu miezi kwenye vidole. Yule dogo alikuwa kidato cha tatu mwaka jana, kwa hiyo sasa yuko cha nne na mtihani ni Novemba. Mimi nafunga chuo mwezi wa saba. Nikiwahi kuipata kabla ya hapo nitampelekea mwenyewe kwa mkono, maana baada ya Novemba sijui nitamtafutia wapi.

Kesho nina lekcha saa moja asubuhi na daftari la kuandikia limeisha. Usiku mwema.